Mihadhara ya Hadhara Kuhusu Chuki, Uvumilivu na Haki za Binadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hatukuyatunga sisi. Mwisho wa kila mhadhara tunapitisha kikapu, na wasikilizaji wanatumbukiza humo vikaratasi walivyochana kwenye daftari, vingine vimekunjwa mara nne ili jirani asisome. Tumevisoma kwa miaka kadhaa, katika kumbi za kata, shule na vyuo, na tumeona kwamba maswali yaleyale hurudi kila tuendapo, mijini na vijijini. Tumeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale yanayotusumbua hata sisi wenyewe. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale linapotegemea jingine tumetaja namba ya swali.

## Kuhusu mhadhara wenyewe

1. Je, huu ni mhadhara wa dini?

Hapana, ingawa tunaelewa kwa nini swali hili ndilo linalotangulia yote. Kwa Mtanzania aliyekulia mjini tangu miaka ya 1980, neno mhadhara linamkumbusha kiwanja cha wazi, vipaza sauti, Biblia na Kurani zimefunuliwa juu ya meza moja, na wasemaji wanaoshindana kuonyesha ni kitabu kipi kilicho sahihi. Baadhi ya mihadhara ile iliendeshwa kwa elimu na adabu, lakini mingine iliacha majirani wamenuniana kwa miezi.

Mhadhara wetu haulinganishi dini, haumwiti mtu kuingia dini nyingine wala kuacha aliyo nayo. Mada ni moja: jinsi chuki dhidi ya kundi la watu inavyozaliwa, inavyosambaa, na sheria na desturi zetu zinasema nini juu yake. Mashehe, mapadri na wachungaji wanakaribishwa kama wasikilizaji wengine, na mara nyingi wao ndio wanaouliza maswali mazito kuliko wote.

2. Kuna kiingilio? Kuna posho?

Hakuna kiingilio na hakuna posho. Semina huwa na orodha ya walioalikwa na bahasha mwishoni, ilhali mhadhara wa hadhara uko wazi kwa yeyote anayepita, awe muuza mchicha au mkuu wa shule. Tunalisimamia hili kwa sababu mtu aliyelipwa ili asikilize huona haya kupinga, nasi tunataka apinge.

3. Kwa nini maswali yanaandikwa kwenye vikaratasi? Si mtu asimame aulize?

Anayetaka kusimama anasimama. Vikaratasi ni kwa ajili ya wasioweza. Mwaka mmoja, katika ukumbi uliojaa, tulikunjua kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, herufi kubwa za mtu asiyeandika kila siku: mwandishi alisema kwamba yeye ni mjane, na watoto wa jirani wameanza kumwita mchawi, je, afanye nini? Majirani hao walikuwa humohumo ukumbini. Kama njia pekee ingekuwa kusimama na kushika kipaza sauti, swali lile lisingeulizwa kamwe. Jibu tulilolitoa liko kwenye swali la 14.

## Kuhusu maneno tunayoyatumia

4. Kuna tofauti gani kati ya chuki, ubaguzi na uchochezi?

Chuki ni jambo la moyoni. Mtu anaweza kuishi nayo hadi kufa bila jirani kujua, na hakuna sheria inayoweza kuingia moyoni kuitoa. Ubaguzi ni tendo: mwenye nyumba anakataa kumpangisha mtu kwa sababu ya kabila lake, mwajiri anaweka kando barua ya mwombaji baada ya kusoma jina, mwalimu anamketisha mtoto mwenye ulemavu nyuma ya darasa na kumsahau huko. Uchochezi ni kuwaita wengine washiriki: kusema, kuandika au kuimba ili watu wainuke dhidi ya kundi fulani.

Tunazitenganisha kwa sababu dawa zake ni tofauti. Chuki hujibiwa kwa elimu na kwa kuishi pamoja, ubaguzi hujibiwa kwa kanuni na malalamiko rasmi, na uchochezi hujibiwa kwa sheria ya jinai. Anayeyachanganya haya matatu huishia ama kumpeleka mahakamani mtu mwenye fikra mbaya tu, ama kumfanyia semina mtu aliyegawa mapanga.

5. Uvumilivu maana yake ni kukubali kila kitu na kunyamaza?

Neno hili lina mzigo wake. Tumezoea kuambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu, kwamba mke avumilie, maskini avumilie, mgonjwa avumilie; kwa hiyo mtu akisikia tangazo la mhadhara wa uvumilivu hudhani anaitwa kwenda kufundishwa kumeza dhuluma. Uvumilivu tunaouzungumzia haumlengi anayeumizwa. Unamlenga mwenye uwezo wa kuumiza, yaani mwenye nyumba, mwajiri, mkuu wa kituo, au jirani aliye katika kundi lenye watu wengi, na unamtaka ajizuie kuutumia uwezo huo dhidi ya mtu kwa sababu tu hafanani naye. Baadhi yetu hupenda zaidi neno kustahimiliana, kwa kuwa umbo lake lenyewe linadai pande mbili.

Tarehe 16 Novemba 1995 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha tamko kuhusu misingi ya uvumilivu, na tangu hapo siku hiyo huadhimishwa kila mwaka. Tamko hilo linaeleza wazi kwamba kuvumiliana si kumwonea mtu huruma kutoka juu, wala si kufumbia macho uonevu. Sisi tungeongeza jambo ambalo wasikilizaji wengi hupumua wanapolisikia: huhitaji kumpenda jirani yako. Unaweza kuona desturi zake ni za ajabu, chakula chake hakiliki na ibada yake imepotoka, na bado ukasimama mlangoni kwake usiku siku ambayo watu wanakuja kumchomea nyumba. Upendo hauagizwi, lakini kulinda haki ya mtu kunaweza kudaiwa kwa yeyote.

6. Je, utani wa makabila nao ni ubaguzi?

Swali hili huleta kelele nyingi ukumbini, na tunalipenda, kwa kuwa linahusu kitu chetu wenyewe ambacho vitabu vya haki za binadamu vya kutoka mbali havikijui. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara iliyotoka bara kwenda pwani. Mtani anaweza kufika msibani, akalala mbele ya jeneza na kudai kwamba marehemu alikufa na deni lake, na wafiwa, machozi bado mashavuni, wakajikuta wanacheka na kumtafutia kitu cha kumpa ili anyanyuke. Mtu asiyejua angesema huyu anawadhihaki wafiwa. Anayejua anaona kwamba mtani huyohuyo ndiye aliyetangulia kufika, na ndiye atakayebaki kuosha masufuria.

Utani wa kweli una mambo matatu. Kwanza, unakwenda pande zote mbili: anayetania leo atataniwa kesho na hana ruhusa ya kukasirika. Pili, unabeba wajibu, kwani mtani ndiye anayekusaidia safarini na kukuzika. Tatu, kila mmoja anaujua, haubuniwi papo hapo na mtu aliyekamatwa na maneno mabaya kinywani. Bosi anayewataja vijana wa kabila fulani kuwa wavivu, huku wao hawawezi kumjibu bila kupoteza kazi, hatanii. Kadhalika yule anayetoa kashfa mtandaoni kwa watu asiowajua na kumalizia kwa kusema ni utani tu, hana undugu wowote na wale anaowasema, na hatakuwepo siku ya msiba wao.

7. Kwa nini mnatukataza neno "zeruzeru"? Ndilo tulilolikuta.

Hatuna mamlaka ya kumkataza mtu. Tunaeleza tu kwamba wanaoitwa hivyo wamesema neno hilo linawaumiza, kwa kuwa limekuwa likitumika kumaanisha kiumbe cha kutisha, nusu mtu nusu mzimu, na wameomba waitwe watu wenye ualbino. Katika neno hilo jipya, mtu anatangulia na hali yake inafuata. Kama jirani yako angekuomba uache kumwita jina la utoto linalomuudhi, usingemdai ushahidi kwanza.

## Kuhusu haki za binadamu

8. Haki za binadamu si mambo ya wazungu?

Swali hili linastahili jibu la kweli, na jibu la kweli lina sehemu chungu. Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48 za ndiyo, bila kura ya hapana, na nchi 8 hazikupiga upande wowote. Wakati huo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa chini ya wakoloni, na Tanganyika haikuwa na kiti. Uingereza iliinua mkono kukubali kwamba binadamu wote huzaliwa huru, huku ikiendelea kutawala watu ambao haikuwauliza.

Hata hivyo, kusema kwamba waliolitunga ni wazungu peke yao si sahihi. Kwenye kamati walikuwemo Charles Malik wa Lebanon na P. C. Chang wa China. Hansa Mehta wa India ndiye aliyepigania kifungu cha kwanza kisiandikwe kwa neno linaloweza kusomwa kuwa ni wanaume tu. Kiswahili hakikuwa na tatizo hilo, maana kwetu binadamu ni binadamu, awe wa kike au wa kiume. Nchi za Kiafrika zilizokuwamo katika Umoja wa Mataifa, yaani Misri, Ethiopia na Liberia, zilikubali. Afrika Kusini, iliyokuwa ndiyo kwanza imeingia katika utawala wa makaburu wa ubaguzi wa rangi, ilikuwa miongoni mwa zile 8 zilizojizuia. Ilielewa vizuri kwamba maneno yale yangekuja kuidai.

Na kweli yaliwadai wengi. Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York mwezi Machi 1955, alikuwa akiwadai watawala kwa lugha waliyoikubali wao wenyewe. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU, kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, haikutafsiriwa kutoka popote. Mwaka 1981, jijini Nairobi, wakuu wa nchi za Afrika wakapitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao unaongeza jambo lisilosisitizwa hivyo katika Tangazo la 1948: ibara yake ya 28 inasema kumheshimu mwenzako bila kumbagua, na kukuza hali ya kuvumiliana naye, ni wajibu wa kila mtu. Kwa hiyo haki haidaiwi serikalini peke yake. Inadaiwa pia kwangu na kwako.

9. Katiba ya Tanzania inasemaje kuhusu ubaguzi?

Ibara ya 12 inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Ibara ya 13 inakataza kubaguliwa na mtu au mamlaka yoyote inayotekeleza madaraka ya kisheria au ya kiserikali, na inafafanua kwamba kubagua ni kuwatendea watu tofauti kwa kuangalia utaifa wao, kabila, mahali walipotoka, maoni yao ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali yao ya maisha, kwa namna inayowafanya wahesabiwe kuwa duni. Vifungu hivi havikuwemo tangu mwanzo: Katiba ni ya mwaka 1977, na sehemu ya haki iliingizwa mwaka 1984.

10. Je, haki hizi zinamhusu mtu asiye raia?

Soma tena ibara ya 12. Haikusema "raia wote". Katiba inapotaka kumlenga raia peke yake, kama katika haki ya kupiga kura, inamtaja raia. Inapozungumzia uhai, utu na usawa mbele ya sheria, inamtaja kila mtu.

Mfano ulio karibu ni wa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakalipa kodi, wakazaa, na wajukuu wao wakaongea Kiswahili tu. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo, tendo ambalo ni nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa idadi kama hiyo, na tunalitaja kwa fahari katika kila mhadhara. Lakini tunataja pia kwamba cheti cha uraia hakizuii mtoto kuitwa "mkimbizi" kisimani. Kazi ya serikali iliishia kwenye cheti. Iliyobaki ni ya majirani.

## Maneno yanapogeuka silaha

11. Maneno matupu yanaweza kweli kuua mtu?

Jibu la swali hili lilitafutwa mahakamani, tena hapa Arusha. Redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwezi Julai 1993. Ilikuwa na muziki mzuri, watangazaji wachangamfu na mizaha, na katikati ya muziki Watutsi waliitwa "inyenzi", yaani mende. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipo. Kuua kukaitwa "akazi". Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno hilo, na kila tunapolitaja ukumbini, watu hunyamaza. Kwenda kumuua jirani kuliitwa kwenda kazini. Waliouawa katika siku takriban 100 wanakadiriwa kuwa kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa katika jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, Arusha, iliwatia hatiani tarehe 3 Desemba 2003 watu watatu wa vyombo vya habari: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Mahakama ya rufaa ilifuta baadhi ya mashtaka na kupunguza vifungo mwaka 2007, lakini wote watatu walibaki na vifungo vya miaka 30 au zaidi.

Tunaomba jambo moja liangaliwe kwa makini. Hakuna aliyeamka siku moja na kumuua mende wa kibinadamu. Kwanza alizoea kulisikia neno. Kisha akacheka mzaha. Kisha akaona ni kawaida. Sisi nasi tuna maneno yetu ya namna hiyo kwa Kiswahili fasaha kabisa: nchini Kenya, katika eneo la Bonde la Ufa, "madoadoa" na "kwekwe" yametumika kuwataja majirani wa kabila jingine. Doa hufutwa na kwekwe hung'olewa, hivyo anayeyasikia haambiwi waziwazi afanye nini, ila anajua.

12. Mpaka kati ya uhuru wa maoni na uchochezi uko wapi?

Mpaka upo, lakini hauonekani kwa kutazama maneno peke yake. Wataalamu waliokutana chini ya Umoja wa Mataifa na kukamilisha mpango wao Rabat, Moroko, mwaka 2012, walipendekeza kuangaliwa mambo sita kwa pamoja: hali ya nchi wakati huo, nafasi ya msemaji katika jamii, nia yake, maudhui na namna alivyosema, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea kweli. Mlevi anayetukana kabila fulani kilabuni saa sita usiku na mgombea anayetamka maneno hayohayo mbele ya maelfu wiki ya uchaguzi hawakufanya kitu kimoja.

Kenya ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100, Bunge lilitunga Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Anayepatikana na hatia ya matamshi ya chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Katiba yao ya mwaka 2010 nayo inatamka, katika ibara ya 33, kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki.

Tunaonya pia upande wa pili, kwa sababu tunauona. Neno "uchochezi" ni tamu mdomoni mwa mwenye madaraka. Anayelalamika kwamba zahanati haina dawa, au kwamba kiongozi amekula fedha za umma, hajachochea chuki dhidi ya kundi lolote. Sheria inayolinda watu isigeuzwe kuwa pazia la kuwalinda viongozi wasiulizwe.

13. Nifanye nini ujumbe wa chuki ukiletwa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp?

Usiusambaze, hata kwa nia ya kuonyesha ubaya wake. Hifadhi picha ya skrini kama una nia ya kuripoti. Kisha andika sentensi moja tu, ya adabu na bila matusi, kwamba hukubaliani nao. Kikundi cha ukoo chenye watu wengi kinapokaa kimya, aliyeleta ujumbe huhesabu kimya hicho kuwa ni kura zake zote. Kama ni shangazi au baba mdogo na huwezi kumpinga mbele za watu, mpigie simu.

## Imani potofu na mauaji

14. Kwa nini mnazungumza sana kuhusu ualbino na vikongwe?

Kwa sababu hapa ndipo chuki yetu sisi, siyo ya nchi nyingine, imeua. Ni rahisi kutikisa kichwa juu ya Rwanda. Ni vigumu zaidi kukaa katika ukumbi wa Kanda ya Ziwa na kukubali kwamba kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa kuwa waganga waliwaaminisha wateja kwamba viungo hivyo huleta utajiri, na kwamba miongoni mwa waliohusishwa na mauaji hayo walikuwemo ndugu wa damu. Mwezi Mei 2024 wilayani Muleba alinyakuliwa mtoto ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza, na mwili wake ulipatikana baadaye. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hayo ni ya zamani.

Sayansi yake haina fumbo. Ualbino hurithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, hata kama wao wana ngozi nyeusi tititi. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba hicho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Hakuna mama aliyelala na mzungu, hakuna laana. Na wale wanaosema kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka, waende wakaone wodi za saratani ya ngozi. Jua linaua wengi kuliko panga. Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, huokoa maisha. Na mwalimu anayemruhusu mtoto avae kofia darasani na kukaa karibu na ubao ametenda jambo kubwa la haki za binadamu bila hotuba yoyote.

Kuhusu vikongwe: mama aliyepika kwa miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, akitumia kinyesi cha ng'ombe kwa kuwa miti imekwisha, macho yake yatakuwa mekundu, na watu huyaona kuwa dalili ya uchawi. Ni moshi. Kuna wanawake waliokatwa mapanga kwa sababu ya moshi. Yule mjane wa kikaratasi (swali la 3) tulimjibu mbele ya wote bila kumtaja: kwamba kumwita mtu mchawi ni kumwekea alama ya kuuawa, kwamba apeleke taarifa kwa mtendaji na polisi mapema kabla hakujaharibika jambo, na kwamba kila mwanamume aliyekaa ukumbini sasa amesikia na hawezi kusema hakujua.

## Maswali magumu

15. Dini yangu inasema jambo fulani ni dhambi. Je, mimi ni mbaguzi?

Kuamini kwamba jambo ni dhambi, kulihubiri msikitini au kanisani, na kumlea mwanao hivyo, ni haki yako chini ya ibara ya 19 ya Katiba. Linalobadilika ni pale hukumu ya imani inapotumika kumnyima mtu mwingine kazi, matibabu, maji ya kisima au uhai. Mwaka 2013 ugomvi kati ya Waislamu na Wakristo kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa ulifikia kumwaga damu mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Hakuna kitabu kitakatifu kilichodai kifo kile. Kila upande ungeweza kubaki na imani yake yote, bila kupunguza hata herufi, na bado bucha mbili zikafunguliwa mtaa mmoja.

16. Mwizi aliyekamatwa na muuaji nao wana haki? Si ndio wanaotetewa na watu wa haki za binadamu?

Ndiyo, wana haki, na tunajua jibu hili linawaudhi wengi, hasa walioibiwa. Magazeti yetu yana msemo, "wananchi wenye hasira kali", unaotumika mtu anapochomwa kwa tairi. Ni msemo unaoficha. Hasira haina jina, haina mikono, haikununua petroli. Ibara ya 13 ya Katiba inataka mshtakiwa asihesabiwe kuwa mkosaji hadi itakapothibitika. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusikia "mwizi!" ikipigwa nyuma yake sokoni, akageuka, na kukuta watu wanamtazama yeye.

17. Nimebaguliwa. Niende wapi?

Andika kwanza: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, walioshuhudia. Ukiwa na tishio la maisha, nenda polisi moja kwa moja. Kwa malalamiko dhidi ya taasisi au mtumishi wa umma, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako katika wilaya nyingi na hawatozi ada. Haki za kikatiba zikivunjwa, ibara ya 30 inafungua mlango wa Mahakama Kuu.

Wengi huuliza kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja, na kuanzia Novemba 2020 njia hiyo imefungwa kwa mashauri mapya. Tunasikitika kwamba mahakama iliyo karibu nasi kwa daladala iko mbali nasi kisheria. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, bado inapokea malalamiko.

18. Tunaweza kuandaa mhadhara wa namna hii mtaani kwetu?

Mnaweza, na ni bora kuliko kutusubiri sisi. Zungumzeni mapema na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa mkutano wa hadhara, sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi ipelekwe kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Chagueni saa ambayo akina mama hawako jikoni. Tafuteni mkalimani wa lugha ya alama. Wekeni maji. Msemaji asizidi dakika 40, maana nusu ya pili ya muda ni ya maswali.

19. Mtu akisimama ukumbini na kutoa maneno ya chuki, mnamfanyaje?

Akiita watu wafanye vurugu, mwenyekiti anazima kipaza sauti na kusema mbele ya wote kwa nini amekizima. Akisema chuki yake bila kuita vurugu (tazama tofauti katika swali la 4), tunamwacha amalize, kisha tunamuuliza.

Katika ukumbi wa kata moja ya wafugaji, mzee mmoja alisimama akasema kwamba watu wa kabila fulani waliohamia kijijini ni wezi wa ng'ombe, kwamba wizi wao uko kwenye damu. Vijana wa nyuma walianza kuguna. Mwenyekiti akamwambia, "Shikamoo mzee. Uliibiwa lini?" Mzee akaitikia marahaba, akataja mwaka, akataja ng'ombe saba, akaeleza usiku ule ulivyokuwa na kwamba alikwenda kutoa taarifa mara tatu na hakuna aliyefika. Sauti yake ilishuka. Kijana mmoja wa kabila lilelile alilolitaja akanyoosha mkono, akasema kwamba baba yake naye aliibiwa mwaka huohuo, ng'ombe kumi na mmoja, na hakuna aliyefika kwake pia. Mzee akageuka kumtazama, akamuuliza ng'ombe wao walikuwa na chapa gani.

Tulifunga mhadhara, tukapanga viti, tukakunja turubai. Wale wawili walikuwa bado wamesimama mlangoni, mzee akichora chapa yake mchangani kwa ncha ya fimbo.